Mafuta ya korosho na nyonyo kwenye rezini ya UV: kwa nini inabaki inanata

*"Shikamoo mtaalamu. Natengeneza hereni, vishikizo vya funguo na vibao vya majina kwa rezini ya UV, nipo Masasi. Nagandisha kwa taa ya kucha ya wati 48, mchana mwingine napeleka juani tu. Nilianza kununua rezini iliyoandikwa imetokana na mimea, ni ghali ila wateja wanaipenda. Nikawaza kama hii inatoka kwenye mafuta ya soya kwa nini nisitumie ya kwetu huku? Nikachanganya mafuta ya nyonyo robo na rezini robo tatu, ikaganda nusunusu, inanata na mafuta yanatoka jasho juu. Nikajaribu mafuta ya maganda ya korosho, kijiko kimoja tu cha chai kwenye kikombe kidogo, hayo ndo kabisa, saa nzima kwenye taa bado uji mweusi. Niongeze muda au ninunue taa kubwa? Na hii ya mimea si ikitupwa inaoza yenyewe? Wateja nimeshawaambia inaoza. Alafu siku hizi ncha za vidole zinaniwasha usiku na ngozi inapasuka, nahisi ni korosho ila sina uhakika."*

Marahaba dadangu. Umeuliza maswali manne kwa mpigo na yote ya maana, ila naomba nianze na lile uliloliweka mwisho kabisa. Vidole vinavyowasha usiku na kupasuka kwa mtu anayeshika rezini (yale majimaji yanayoganda kuwa plastiki yakipigwa na mwanga wa urujuanimno, yani UV) kila siku si jambo la kusubiri. Simamisha kazi ya rezini mbichi kuanzia leo mpaka daktari akuruhusu, ntarudi kwenye vidole chini kwa urefu.

Sasa tuje kwenye uji mweusi. Kwa nilivyokuelewa, wasiwasi wako ni kwamba taa ni dogo au muda hautoshi. Hapana. Hata ukileta taa ya wati 500 ule mchanganyiko wa korosho hautaganda, na ule wa nyonyo utaendelea kutoka jasho. Tatizo lipo ndani ya kikombe, na chanzo chake ni dhana moja ambayo watu wengi sana wanayo, kwamba mafuta ya mimea yakipigwa na mwanga yanageuka plastiki. Hayageuki. Ungeacha sahani ya mafuta ya alizeti juani Masasi mwezi mzima ungepata mafuta yaliyochacha, basi.

Ngoja nikueleze kinachotokea. Kwenye chupa yako ya rezini kuna makundi matatu. Kuna molekuli kubwa nzito ndo zinazokuja kuwa mwili wa hereni yako, kuna molekuli ndogo nyepesi za kuifanya imiminike vizuri, na kuna kitu kidogo sana, mara nyingi asilimia chache tu, tukiite kianzishi. Mwanga haugusi yale makundi mawili ya kwanza kabisa, yani unapita tu. Unachokipiga ni kianzishi. Kikipigwa na mwanga wa rangi inayokifaa kinapasuka vipande viwili, na kila kipande ni redikali, yani kitu chenye njaa kali kinachotafuta wa kumshika. Molekuli kubwa na ndogo zina mikono maalum inaitwa akrilati. Redikali inashika mkono mmoja, huo unashika wa pili, wa pili unashika wa tatu, na mnyororo unakimbia mamia kwa maelfu ndani ya sekunde chache. Kwa sababu molekuli kubwa zina mikono mingi, minyororo inafumana inakuwa wavu. Ule wavu ndo ugumu unaouona, na lile joto unalolisikia ukigusa kikombe kikiwa kwenye taa linatoka hapohapo, kila mkono ukishikana unatoa joto. Kwa hiyo mwanga kazi yake ni kuwasha kiberiti tu, kuni ni akrilati. Hakuna akrilati, hakuna moto.

Sasa mafuta ya soya yanaingiaje humu? Kila molekuli ya mafuta ya soya ina mikia mitatu, na kwenye mikia hiyo kuna sehemu nne mpaka tano hivi zenye kifungo cha mara mbili. Vifungo hivyo vipo katikati ya mkia, vimejificha, redikali ikivifikia inapoa. Kiwandani wanavigeuza kwanza kuwa pete ndogo zenye oksijeni, yani epoksi, alafu kwenye zile pete wanaunganisha asidi ya akriliki. Hapo ndo molekuli ya mafuta inapata mikono. Kinachotoka ni kitu kizito kama asali kinachoganda kwa mwanga vizuri kabisa. Lakini hayo si mafuta ya soya ya dukani tena, yamefanyiwa kazi mara mbili, na tena asidi ya akriliki yenyewe kwa sehemu kubwa bado inatoka kwenye petroli. Ndo maana chupa nyingi za "mimea" ukisoma vizuri zinasema asilimia fulani tu.

Mafuta yako ya nyonyo karibu asilimia 90 ya mikia yake ni asidi moja inaitwa risinoleiki. Ni asidi nzuri sana, viwanda vya nailoni 11, aina ya plastiki ngumu, vinaitegemea, ila mikono ya akrilati haina. Ulipochanganya robo, rezini ikafuma wavu wake na nyonyo ikabaki imekaa kwenye matundu ya wavu kama mgeni asiyejua amfahamu nani. Wavu ukijikaza inamsukuma nje. Lile jasho uliloliona ni nyonyo safi, unaweza hata kulifuta ukajipaka kwenye nywele kama lingekuwa halijabeba rezini mbichi ndani yake, na linabeba, kwa hiyo usilishike.

Korosho ni habari nyingine na hapa naomba unisikilize kwa makini maana wewe upo kwenye mkoa wenye mali hii. Mafuta ya maganda ya korosho si mafuta kama ya alizeti. Ni fenoli, yani kundi jingine la kemikali, zenye mkia mrefu. Yakiwa mabichi sehemu kubwa ni asidi ya anakadi, ukiyachemsha inageuka kadanoli, na pembeni kuna kadoli. Na fenoli tabia yake ni kumpa redikali anachokitafuta. Redikali inafika na njaa yake, fenoli inaikabidhi hidrojeni, redikali inashiba, na fenoli yenyewe inabaki redikali mvivu isiyokwenda popote. Mnyororo umekufa kabla haujaanza. Tena wenye viwanda vya rezini wanaitumia tabia hiyohiyo kwa makusudi, wanatia fenoli ya aina fulani kidogo mno, sehemu mia chache kwenye milioni, ili rezini isigande yenyewe ikiwa dukani. Sasa wewe kijiko cha chai kwenye kikombe kidogo ni zaidi ya mara mia ya hapo. Ongeza na ule weusi, maana rangi ya kahawia nzito inameza mwanga wa UV juujuu tu hata ndani haufiki. Kwa hiyo umeizuia rezini kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Kama unataka kuliona kwa macho, mtu mwenye ngozi nzima na glavu afanye hivi kwenye kigae cheupe (wewe subiri vidole vipone). Adondoshe matone matatu ya rezini safi. La kwanza aliache wazi. La pili alifunike na kipande cha nailoni angavu ya kujaladia madaftari, ailaze taratibu bila mapovu. La tatu achanganye na mafuta ya karafuu kidogo ya kuchovya ncha ya kijiti cha meno. Awashe taa dakika mbili. La pili litakuwa gumu na linang'aa. La kwanza litakuwa gumu chini ila juu kidole kinanata. La tatu litakuwa teketeke, na akizidisha karafuu linabaki maji. Karafuu ina yujinoli, nayo ni fenoli, ndugu wa korosho kwa tabia. Daktari wa meno analijua hili vizuri sana, jino likiwekwa dawa ya muda yenye yujinoli anakuwa mwangalifu kuziba na rezini juu yake, maana mabaki yanaharibu ugandaji.

Tofauti ya tone la kwanza na la pili ni oksijeni ya hewani. Nayo inawanyang'anya redikali kazi, ndo maana kazi zako nyingi hata zile zisizo na mafuta zinabaki zinanata juu. Mafundi wa samani wanashangaa wakisikia hivi kwa sababu wanajua mafuta ya mbegu za kitani yanakauka kwa msaada wa hewa, na ni kweli, yale yanajifunga kwa oksijeni polepole siku nzima au zaidi. Kwenye akrilati oksijeni ni adui. Funika na nailoni angavu, au hatua ya mwisho zamisha kazi kwenye bakuli angavu la maji alafu uwashe taa. Ule unato utapungua sana bila kununua taa nyingine.

Na kuhusu taa yenyewe kwa kifupi: wati si kitu cha kuangalia kwanza, angalia nanomita, yani namba inayoonyesha aina ya mwanga. Kianzishi kinataka mwanga wake, wengi wanataka 365 mpaka 405, na taa nyingi za kucha zinatoa hizo mbili kwa pamoja. Jua la mchana lina UV hiyo pia ila haina kipimo, wingu likipita umepoteza hesabu, na rezini nene ikipigwa na jua kali inaganda juu haraka inapata joto inajikunja au inapasuka. Mimina tabaka la milimita moja mpaka mbili, gandisha, mimina tena.

Sasa suala la kuoza, na hapa naomba usinichukie. Uliwaambia wateja kitu ambacho si sahihi na inabidi uwarekebishe. "Imetokana na mimea" inaeleza kaboni imetoka wapi. Haisemi itaishia wapi. Nailoni 11 inatoka kwenye nyonyo asilimia mia na haiozi, inatengenezewa mabomba ya mafuta ya magari kwa sababu haiozi. Rezini yako ikishakuwa wavu haiyeyuki kwa moto, haiyeyuki kwa maji, huwezi kuichanganya na chupa za maji kwenye kuchakata, na wadudu wa udongo wanapata shida kuingia kwenye wavu uliokazwa.

Ila si kwamba haiwezekani kabisa. Chuo Kikuu cha Toronto kampasi ya Scarborough, profesa Andre Simpson na wenzake walichukua mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika kutoka mgahawa wa McDonald's, lita kumi hivi, wakayageuza kuwa rezini ya kuchapisha vitu vya pande tatu kwa mwanga. Walichapisha kipepeo mdogo mwenye michoro midogo ya maikromita mia, yani sehemu ya kumi ya milimita, kazi ilitangazwa mwaka 2020. Walipofukia kitu cha rezini hiyo udongoni kilipoteza kama asilimia 20 ya uzito wake ndani ya wiki mbili. Mi naipenda sana kazi hii kwa sababu mafuta ya chipsi tunayo kila mtaa. Lakini ona vizuri, ile ni rezini yao, waliyoitengeneza na kuipima wao, ya kwako ya dukani inaweza kuwa na mambo mengine kabisa ndani. Na mwaka 2024 kundi la Andrew Dove wa Chuo Kikuu cha Birmingham lilichapisha kwenye jarida la Nature rezini ya asidi ya lipoiki, asidi ambayo hata mwili wetu unaitengeneza, na wavu wake unaweza kufumuliwa ukarudi kuwa rezini ukachapisha tena. Hiyo ndo njia mi naona ina mwelekeo mzuri zaidi kuliko kuoza. Bado haijafika kwenye chupa yako ya elfu kadhaa.

Kwa hiyo ufanye nini? Kama nipo kwenye nafasi yako ningeendelea na rezini ya kununua yenye asilimia ya mimea iliyoandikwa wazi, nisitie mafuta yoyote ndani, na badala yake ningepunguza rezini yenyewe. Chukua kifuu cha nazi kilichosuguliwa laini au mabaki ya mninga kutoka kwa seremala, kikaushe vizuri kabisa, fanya ndo mwili wa hereni, alafu rezini iwe ngozi ya milimita moja juu inayoshika ua au jina. Hapo ukimwambia mteja kwamba sehemu kubwa ya hereni hii ni kifuu unasema ukweli anaoushika mkononi. Na rezini unayotumia inapungua mno, hata gharama.

Utakutana na njia nyingine mtandaoni. Kuna ya kuchanganya nyonyo na kemikali inaitwa aisosayaneti kupata plastiki ngumu bila taa, kikemia inafanya kazi vizuri, ila aisosayaneti inaweza kukuachia pumu ya maisha kwa hiyo chumbani kwako hapana. Kuna ya kutengeneza ile epoksi mwenyewe kwa haidrojeni peroksaidi na asidi ya siki au ya fomiki kwenye sufuria. Hii nakuomba sana sana usijaribu. Mchanganyiko ule unatoa joto wenyewe, joto linaongeza kasi, kasi inaongeza joto, na unaweza kulipuka usoni. Watu wa maabara wanaifanya kwa vyombo vya kupoza na matone yanayohesabiwa.

Kama ndoto yako kweli ni rezini ya korosho, na mi naona ni ndoto ya halali kabisa maana korosho zetu nyingi zinasafirishwa na ganda lake kwenda India na Vietnam na yale mafuta yanakamuliwa huko, basi njia ipo. Fenoli inafunikwa kwanza, yani ile sehemu yake inayokamata redikali inaunganishwa na akrilati au epoksi, na hapo kizuizi kinageuka kuwa mkono wa kushikana. Kadanoli inatumika tayari duniani kwenye breki za magari na kwenye vigandisha-rangi vya meli. Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya utafiti wa mafuta haya kwa miaka mingi, waandikie, peleka sampuli, waeleze unachotengeneza. Pitia SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, mkoani kwako kwa upande wa biashara ndogo, na ukifika mahali pa kuagiza kemikali kutoka nje anza na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwanza kwa ajili ya usajili.

Turudi kwenye vidole. Kuna mambo mawili yanafanana na yanaweza kukupata yote kwa pamoja. Korosho inaunguza, wabanguaji wote wanajua, ngozi inakuwa nyeusi pale ilipogusa inabanduka baada ya siku chache, na ukiacha kugusa inapona. Akrilati ni tofauti, haiunguzi, inafundisha mwili kuichukia. Unaweza kuishika miezi bila kitu, alafu siku moja mwili unakataa, na kuanzia hapo hata tone dogo linaamsha. Kuwashwa kunakuja masaa kadhaa mpaka siku mbili baada ya kugusa, ndo maana unaamka usiku, kunakaa kwenye ncha za vidole, ngozi inapasuka, wengine mpaka kope za macho zinavimba kwa sababu walijigusa. Maelezo yako yanafanana zaidi na hii ya pili. Ikishaingia haitoki, na inaweza kukusumbua mbele ya safari ukienda kuziba jino kwa rezini au kupaka kucha za jeli. Na mimea haisaidii hapa. Akrilati ya aisoboniili, ambayo asili yake mara nyingi ni utomvu wa misonobari, wataalamu wa ngozi wa Marekani waliitangaza kuwa kizio (kitu kinacholeta mzio) cha mwaka 2020 baada ya kuwasumbua watu wenye kisukari kupitia gundi za vipimo vya sukari vinavyobandikwa ngozini.

Nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na chupa zako au picha za lebo, mwambie neno "akrilati" kabisa, na omba kipimo cha kubandika viraka mgongoni. Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hospitali ya mkoa wanaweza kukuandikia rufaa. Uso ukivimba, pumzi ikibana, au rezini ikiingia jichoni usisubiri miadi, jicho lioshe na maji yanayotiririka dakika 15 alafu hospitali siku hiyohiyo. Daktari akikuruhusu kurudi kazini vaa glavu za nitraili, zile nyeupe za mpira akrilati inapenya ndani ya dakika, na hata za nitraili badilisha kila ikidondokewa. Ngozi iliyoguswa osha na sabuni na maji, usifute na spiriti maana inayeyusha rezini na kuisambaza kwenye ngozi. Na kwenye lebo kama umeona kianzishi kinaitwa TPO, Umoja wa Ulaya wamekizuia kwenye vipodozi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, kwa hiyo rezini ya hereni isipakwe kwenye kucha hata kama rafiki anaomba.

Ule uji mweusi wa korosho na mchanganyiko wa nyonyo usimwage chooni wala shimoni, na usichome moto, moshi wa maganda unaujua. Muombe mtu mwenye glavu aumimine kwenye kopo la bati lenye vumbi la mbao mpaka unyonywe wote, afunge kifuniko, aandike juu kilichomo, kopo likae mbali na watoto, na ukienda SIDO waulize pa kulipeleka. Rezini safi iliyobaki kwenye vikombe gandisha yote kwenye taa kwanza ndo utupe ikiwa ngumu.

Majibu ya kipimo cha viraka yakitoka niandikie, tutajua kama unaendelea na rezini au tuhamie kifuu na nta ya nyuki moja kwa moja.